Mbuzi Mmoja Tu

Wapangaji wangu ni watu wema. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hukaa akingoja kusikia ubaya wao, na ubaya wao mimi sina. Laiti wangekuwa wabaya. Mtu mbaya unamlaani mchana, usiku unalala. Mimi wa kumlaani simwoni isipokuwa mwenyewe, na kazi hiyo haina likizo.

Nyumba ni ya marehemu baba yangu, Kismayo, upande wa mji wa zamani. Baba alikuwa fundi wa mashua, mzaliwa wa kisiwa cha Chovae, na alipopata riziki akajenga mjini kwa mawe na chokaa: vyumba vinne, ukumbi, ua wenye kisima, na chumba kimoja cha uani tulichokitumia kama jiko. Nimezaliwa humo. Vita vilipokuja tukatolewa, tukavuka Kenya, tukakaa huko hadi nikaota mvi. Tuliporudi, mama alifikia Chovae kwa jamaa za baba, kwa maana nyumba ya mjini ilikuwa na wenyewe wapya. Mimi nikabaki Kismayo kuidai. Miaka mitatu nilikaa kwenye mikeka ya wazee. Kila kikao nikiambiwa nina haki, kisha nikiambiwa nisubiri. Hatimaye wakaniachia. Siku nilipokabidhiwa, milango haikuwepo, madirisha hayakuwepo, mabati ya ukumbini yameng'olewa. Walikwenda hata na misumari.

Mama alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani, na aliitaja bila haya kila nilipovuka kwenda Chovae kumjulia hali: anataka kufia kwenye chumba chake, kile cha upande wa kisima, alichoingizwa akiwa bi harusi. Si Chovae, ambako alikuwa akilala nyumba ya shemeji yake, nduguye baba, na kuomba ruhusa hata ya kuteka maji. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Hatukuwa na muda wa kuchezea.

Basi nikaona nipangishe vyumba vya mbele, mimi nikae chumba cha uani. Kodi itarudisha milango na mabati, na nyumba itakuwa na watu. Kwetu nyumba isiyo na moshi jikoni inaita wageni usiowaalika, na mimi nimeshaona wageni hao wakoje. Nikamwambia mama, naye hakukataa. Alikuwa ameketi kitandani akikanda magoti yake kwa mafuta ya nazi.

"Weka mchu umtakaye," akasema, kwa lahaja yake ya visiwani inayomwita mtu mchu. "Kabila lolote, lugha yoyote. Lakini mwenye mnyama usimweke."

"Mnyama gani, mama?"

"Hata kuku."

Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwepo. Mwaka wa vita, kabla hatujatolewa kwa bunduki, tulitolewa kwa mbuzi. Alikuja mtu mmoja mpole, salamu zake ndefu, akamwomba mama amruhusu amfunge mbuzi wake uani kwa usiku mmoja, huko nje hakuna usalama. Mama akasema karibu, akamtilia mbuzi maganda ya ndizi kwenye ungo. Usiku mmoja ukawa wiki. Mbuzi wakawa watatu, wakahitaji boma, likaja boma la miiba katikati ya ua alikokuwa mama akianika nguo. Mwenye mbuzi akahitaji mahali pa kuwalinda, likaja godoro ukumbini. Halafu wakaja nduguze. Siku bunduki ilipoegemezwa kwenye mlango wa chumba cha mama hapakuwa na jipya la kutangaza. Tayari tulikuwa tunaomba njia kupita kwenda kisimani kwetu.

Mama hakuwahi kumlaumu mtu yule kama alivyojilaumu yeye kwa yale maganda ya ndizi. Kenya, miaka yote ile, mbuzi akilia jirani yeye alifunga dirisha.

Kwa hiyo nilijua. Mtu asije akaniambia sikujua.

Dalali aliniletea wapangaji wa kwanza mwezi wa Rajabu. Mwanamke wa umri wangu, mjane, na mama yake mzazi. Walishuka mjini kutoka upande wa mto baada ya ukame kuwamalizia mifugo. Binti alikuwa anapika chai na mikate ya anjera karibu na bandari, asubuhi mpaka adhuhuri, na mdhamini wao alikuwa imamu wa msikiti ninaosalia Ijumaa. Watu wawili tu, wanawake, wasio na kundi la kaka nyuma yao. Moyo wangu ukatua. Nikamwambia dalali awape habari njema.

Dalali akakohoa. Dalali akikohoa ujue kuna kitu amekificha kwenye koo.

"Wana mbuzi," akasema. "Mmoja tu. Si mfugo, ni kama mtoto wao. Analala ndani na bibi."

Nikacheka, kwa hasira. Nikamwambia kwa uwazi kabisa: mwenye mnyama haingii. Akanieleza habari nzima. Bibi yule alikuwa na mbuzi mia na kitu, akawaona wakianguka mmoja mmoja njiani, akabaki na huyo jike mweupe aliyekatwa ncha ya sikio, akambeba kwenye gari la mizigo akiwa amemfunika shuka lake mwenyewe. Nyumba tatu wameshakataliwa kwa ajili yake. Nikasema na hii itakuwa ya nne. Kisha nikamtuma akawaambie yeye, kwa lugha nzuri, kwamba nyumba bado ina matengenezo. Hivyo ndivyo tunavyokataa sisi. Watu wa visiwani hatumkatalii mtu machoni. Tunatuma mtu, tunasingizia ukuta, tunasingizia safari. Walituchukulia nyumba, bahari, miamba ya uvuvi. Adabu hakuna aliyeitaka, tukabaki nayo.

Usiku ule nililala vizuri. Nilijiona mwanamke mwenye msimamo.

Kesho yake, jua halijapanda, bibi akaja mwenyewe. Dalali hakuwa amemfikishia ujumbe, au alimfikishia kwa lugha nzuri mno. Nilifungua kipande cha ubao nilichokifanya mlango, nikamwona ameketi barazani kwangu, mwembamba, macho yamefunga ukungu, kamba ya mkonge imezungushwa kwenye kiganja. Upande wa pili wa kamba alikuwa mbuzi, amesimama kimya kama mgeni anayejua heshima.

Akanisalimu kwa Kisomali, akaniita mwanangu. Akaniuliza hali yangu, hali ya mama yangu, akawaombea rehema wafu wangu bila kuwajua. Wala hakugusia nyumba. Mwisho akasema, "Mwanangu, mimi sina kiu. Huyu ndiye mwenye kiu. Tumetembea."

Sasa nambie wewe, ungefanya nini? Nikaingia ndani, nikachukua bakuli langu la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, nikateka maji kisimani, nikamwekea mbuzi. Akanywa mpaka akalamba chini. Bibi akainua mikono akanisomea dua ndefu, akaifunga kwa kusema Mungu aikalishe nyumba hii watu wa kheri. Nikaitikia amina. Nani hukataa kuitikia amina? Na ukishaitikia amina, utamwambia nini aliyekuombea?

"Mtahamia lini?" Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

Nikajitetea kidogo. Nikasema itakuwa ni mpaka mama yangu atakapokuja kutoka Chovae, akija nitahitaji vyumba. Bibi akasema mama yako ni mama yetu, siku akija sisi tutamtandikia. Jioni yake walikuwa ndani.

Mama akanipigia simu. Chovae mtandao huja ukijisikia, na siku hiyo ulijisikia vizuri sana; sauti yake ilinifikia kama yumo chumbani.

"Umepata mchu?"

"Nimepata, mama. Wanawake wawili. Watu wa dini."

"Wana mnyama?"

"Hawana."

Nilidanganya haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Nilijiambia nitalimaliza kabla hajaja.

Lile bakuli langu lilibaki kwao. Asubuhi ya pili binti akalileta, limejaa maziwa ya mbuzi hadi ule ukingo wa buluu, bado ya moto. Na kwetu, kila aliyelelewa na mama anajua, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikakaanga vipande vya nguru, nikajaza, nikarudisha. Kesho yake likaja na maziwa. Nikarudisha na mkate wa mofa. Likaja na maziwa. Siku sina kitu nilitia hata ndimu tatu na pilipili. Lile bakuli liliishi safarini kati ya chumba changu na ukumbi wao. Kila nilipokusanya maneno ya kwenda kusema jamani huyu mbuzi, lilikuwa ama kwangu likingoja kujazwa, ama kwao likingoja kurudi. Mtu hawezi kwenda kufukuza watu huku mkononi kabeba samaki wao.

Nisiseme uongo, mbuzi hakuwa na adabu kama nilivyomdhania. Alikula pindo la leso yangu mpya kambani. Alikula karatasi ya fundi aliyoniandikia vipimo vya milango. Aliacha vidonge vyake mahali ninapotandika mswala, nikawa naosha sakafu kabla ya kila sala huku nikinung'unika. Bibi akinisikia alikuwa akimgombeza mbuzi kwa Kisomali kirefu, kama mama anayemgombeza bintiye mbele ya wakwe, mpaka nacheka. Nikishacheka, basi, hasira yote imekwisha.

Shaabani, mama akaja. Hakunipa habari mapema; alipata nafasi kwenye boti ya mashine iliyoleta papa wakavu sokoni, na nikapigiwa simu wakiwa tayari wamepita kisiwa cha Darakasi. Nilikuwa na muda wa saa moja na kidogo. Nikamkimbilia binti kwenye chai yake, nikamwambia mama yangu anakuja na ana pumu, harufu ya manyoya inambana kifua. Uongo wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Alifunga biashara palepale, akarudi nyumbani mbio, akampeleka mbuzi kwa jirani wa mtaa wa nyuma, akafagia ua mpaka vumbi likakosa pa kukaa, akachoma udi. Nikamwangalia akifanya yote hayo kwa ajili ya pumu ambayo haipo, na nikaona aibu, lakini nikaona pia kwamba mambo yatapita salama.

Mama aliingia akiwa ameshikwa mkono na mchukuzi. Akasimama kwenye ukumbi akagusa ukuta, akaugusa tena kwa viganja vyote viwili. Akaenda kwenye chumba chake. Kilikuwa hakina mlango wala kitanda, dari mpya nusu, lakini alikitazama akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, akaniambia kitanda kikae upande ule, si huu, asubuhi jua lisimpige usoni. Sijawahi kumwona mama yangu mzuri vile tangu baba afe. Bibi mpangaji akatoka kumlaki, vizee viwili vikapeana mikono, kila kimoja kikizungumza lugha yake na kuitikia ya mwenziwe, maana mama Kisomali anakijua fika ila kinywani hakitoi.

Tukamkalisha mkekani. Binti akaleta chai, na kwa heshima ya mgeni hakuileta kavu. Alikuwa amemkamua mbuzi kabla ya kumtoa, akaweka maziwa yote, hata tone hawakunywa wao, yawe ya mama yangu. Chai ilikuwa nzito, ina hiliki na tangawizi. Bibi mwenyewe alimshikisha kikombe.

Mama akapiga funda moja.

Nilimwona akilishika mdomoni kabla ya kulimeza. Akaweka kikombe chini mkekani bila kishindo. Akanigeukia mimi.

"Mbuzi yuwapi?"

Nikasema mbuzi gani, mama. Sijui kwa nini nilisema vile. Mtu mzima mwenye mvi, naulizwa na mama yangu, nasema mbuzi gani.

"Nimekuuliza, mbuzi yuwapi?"

Binti wa watu hakufahamu Kiswahili cha kutosha, akadhani mama anasifu maziwa, akajibu kwa furaha kwamba mbuzi wameshamtoa, yuko mtaa wa nyuma, jioni atarudi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono nimwinue.

"Mama, pumzika kwanza."

"Nyumba hii imeshafungwa mbuzi," akasema. "Mimi nshaiona safari hii, siifanyi mara mbili. Siku atakapotoka, ndipo nitakapoingia."

Hakupaza sauti. Aliwaaga wenyeji wake vizuri, akawaombea riziki, akatoka. Alilala kwa jamaa yetu upande wa pili wa mji, asubuhi akapanda boti ileile kurudi Chovae. Hakunisuta kwa uongo wangu. Angenisuta ningepata pa kushika.

Bibi aliniuliza jioni ile kama mama anaumwa. Nikasema ndiyo, ni pumu.

Basi neno lilikuwa moja tu. Lilihitaji kuvuka ua wa hatua kumi na mbili: mtafutieni mbuzi mahali pengine, au mtafute nyumba nyingine. Si matusi, si dhuluma. Ni haki ya mwenye nyumba yeyote ulimwenguni. Na mama yangu alikuwa akivimba miguu Chovae akilingoja.

Nilikwenda mara ya kwanza, nikamkuta bibi ana homa, amelala, mbuzi amejikunja kwenye miguu yake, na mkono wa bibi uko juu ya mgongo wa mnyama ukipanda na kushuka naye. Nikauliza hali, nikarudi. Nilikwenda mara ya pili na bakuli la uji mkononi, nikajilaani mlangoni kwa kulibeba, nikalitoa, nikarudi. Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani. Utamwambia nani ahame Ramadhani? Kila magharibi zikaja tende na sambusa zao, zikarudi kaimati zangu. Nikasema baada ya Idi. Siku ya Idi binti alinishonea kanzu ya nyumbani, kwa mkono wake, bila kunipima, na ikanikaa sawasawa. Nilipoivaa niliwachukia. Niliwachukia kwa wema wao, na kesho yake nikawapelekea biriani.

Mama alikuwa akipiga simu siku ya Alhamisi.

"Ametoka?"

"Bado, mama. Wiki hii."

"Haya."

Alhamisi nyingine: "Ametoka?" "Bado." "Haya, mwanangu." Halafu ikaja Alhamisi hakuuliza. Aliniuliza bei ya unga, akaniuliza kama nakula vizuri, akaniambia mpunga wa mashamba ya Kudhaa mwaka huu haukuja vizuri, akakata. Nilikaa na simu mkononi nikafurahi kwamba hakuuliza. Hilo nalo naliandika, ili lionekane nilivyokuwa.

Mwezi wa mfunguo pili, Jumatatu asubuhi, walipiga jamaa za baba. Amefariki alfajiri, kwenye kitanda cha shemeji. Nilipopata boti, maji yamekupwa, nikafika wameshamzika. Niliketi Chovae siku tatu za matanga nikisikia watu wakinisifu kwamba nilipigania nyumba ya baba yangu. Mke wa shemeji akanipa kifurushi cha mama: leso mbili, tasbihi, chupa ya mafuta ya nazi, na ufunguo wa zamani wa chumba chake cha Kismayo, wa mlango ulioibwa miaka ile. Nikakifunga tena.

Niliporudi Kismayo, nilikuta ua umetandikwa mikeka kutoka kisimani hadi ukutani. Wapangaji walikuwa wamesikia, na kabla sijasema lolote walikuwa wamekwisha kuwaita wanawake wa mtaa, na imamu amewaleta wasomaji. Sufuria kubwa ya kuazima ilikuwa jikoni, inachemka. Nikaketi, nikapewa pole, nikalia kama wanavyolia watu. Juzuu zikasomwa, hitima ikafungwa, sinia zikaletwa, wali na nyama.

Bibi akaja kuketi karibu nami. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, na viganja vyake vyote viwili vilikuwa vitupu. Hapo ndipo nilipotazama uani kote, na mlangoni, na nyuma ya kisima. Hapo ndipo nilipoitazama sinia.

"Mama yako alikuja kwangu mara moja tu," akasema. "Nikampa chai, hakuimaliza. Jambo lile limeniuma tangu siku ile. Nimejiuliza nimemkosea nini mgeni wangu. Leo nimesema, nimpe kile nilicho nacho, asiondoke duniani ana kinyongo na mimi."

Wakati wa kusema kweli ulikuwa ule. Nilikuwa nayo kinywani yote, tangu maganda ya ndizi mpaka Alhamisi ile ya mwisho. Ningemwambia: bibi, mama yangu hakuwa na pumu. Ningemwambia: hukumkosea wewe. Lakini angeuliza basi alitaka nini, nami ningelazimika kumjibu mwanamke aliyekwisha kumchinja mbuzi wake wa mwisho kwamba neno moja langu, la mwezi wa Shaabani, lingemwacha mbuzi wake kwa jirani wa mtaa wa nyuma na mama yangu kwenye chumba chake, wote wawili wazima.

Nikamwambia, "Mungu akulipe, bibi."

Akanisogezea sinia. Watu walikuwa wananitazama kama ninakula, kama wanavyomtazama mfiwa. Nikanawa, nikamega, nikala. Nyama ilikuwa laini na iliungwa vizuri. Nilikula mpaka bibi akaridhika.

Watu wale siwezi kuwatoa. Hakuna mzee wala hakimu atakayenisikiliza, na mimi mwenyewe sitajisikiliza. Wamo mpaka leo, kodi wanatoa kwa wakati, na maziwa sasa wananunua sokoni kama kila mtu. Milango imekamilika, mabati yamekamilika. Asubuhi nikitoka kutawadha naukuta ua umefagiwa, hauna kidonge kimoja wala unyoya, hakuna mnyama wa aina yoyote, hata kuku, na chumba cha upande wa kisima kiko wazi.